Saanane, Ufukweni, Bujora au Ndabaka: Ulinganisho kwa Wazazi wa Mwanza Wenye Watoto Wadogo

Mzazi mwenye watoto wa chini ya miaka sita anayeishi Mwanza, au anayefika Mwanza kuwatembelea ndugu wakati wa likizo, hutajiwa maeneo yaleyale manne kila anapouliza awapeleke wapi watoto kwa siku moja: Kisiwa cha Saanane, fukwe za hoteli zilizo upande wa Ilemela, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka. La tano ni Ukerewe, ambako kwa maoni yangu mtoto mdogo hapelekwi kwenda na kurudi siku moja, nami nitaeleza sababu mwishoni. Aghalabu maeneo haya hulinganishwa kwa bei na kwa uzuri wa mandhari, na ndiyo maana ufukwe hushinda karibu kila mara, kwa kuwa uko karibu, chakula kipo, wakubwa wana mahali pa kupumzika na watoto wanaupenda mchanga. Hapa nimetumia kipimo kingine, yaani hatari ya kila safari iko wapi hasa, inadumu kwa muda gani, na inahitaji watu wazima wangapi walio macho. Kwa kipimo hicho mpangilio unabadilika, na ule ufukwe unaodhaniwa kuwa mwepesi kuliko yote unageuka kuwa ndio unaomdai mzazi zaidi.

Saanane na ufukweni

Saanane ni kisiwa cha mawe katika Ghuba ya Mwanza, na kiko karibu na mji kiasi kwamba mtu aliyesimama Capri Point hukiona waziwazi. Jina lake limetokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi huko kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ambayo kwa eneo lake la kilomita za mraba zipatazo mbili, maji yanayoizunguka yakiwemo, ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Udogo huo ndio faida yake kubwa kwa mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu anaweza kuwaona swala pala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, tumbili, na mijusi yenye vichwa vyekundu, kwa kutembea kidogo tu, tena akachoka na kutaka kurudi nyumbani kabla wakubwa hawajaanza kugombana naye.

Kinachowazuia wazazi wengi ni boti. Hofu hiyo haikuzuka hivihivi, kwa kuwa watu wa kanda hii bado wanakumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza na kuua mamia ya abiria. Hata hivyo, safari ya Saanane haifanani na safari ya meli ya usiku kucha. Kuvuka kutoka Capri Point huchukua robo saa au pungufu ya hapo, abiria ni wachache, nchi kavu inaonekana pande zote, na kwa muda wote huo hakuna mtu mzima anayekula, anayezungumza na simu wala anayesinzia. Kila mmoja yuko macho kwa sababu kila mmoja anaogopa, na baada ya hapo familia inakuwa juu ya mawe pamoja na mwongozaji wa hifadhi, mbali na maji kadiri inavyotaka.

Ufukweni mambo huenda kinyume. Hapo maji yako hatua chache kutoka kwenye meza tangu saa nne asubuhi hadi jua linapozama, na hofu ya wakubwa hupungua kadiri saa zinavyosonga. Sato wa kuchoma akifika mezani, muziki ukipandishwa sauti kama ilivyo desturi ya mwisho wa wiki, na mashangazi waliopotezana muda mrefu wakianza kuulizana habari, mtoto wa miaka miwili anakuwa amebaki peke yake bila mtu yeyote kukusudia kumwacha. Ni vyema ieleweke kwamba mtoto anayezama hapigi kelele wala harushi mikono juu kama inavyoonyeshwa kwenye filamu. Mdomo wake unakuwa chini ya maji au usawa wa maji, hana pumzi ya kuitia, na jambo lote linaweza kumalizika kwa muda ambao mtu hutumia kulipa bili. Kwa mtoto mdogo, kina cha maji ya magotini kinatosha kabisa kumzamisha. Kwa hiyo hata kama muziki haukuwepo, sikio halimsaidii mzazi hapa, na kinachosaidia ni jicho na mkono ulio karibu kiasi cha kumshika.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kundi kubwa la wakubwa huwa hatari kuliko wazazi wawili peke yao, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine anatazama. Familia inayochagua ufukwe inapaswa kukubaliana zamu kabla ya kuvua viatu: mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina, anashika leso fulani mkononi kwa muda wa robo saa au nusu saa, hali chakula, hashiki simu wala hanywi pombe, na hawezi kuondoka hata kwenda chooni mpaka amemkabidhi mwingine leso hiyo mkononi mwake. Dada wa kazi asipewe zamu ya siku nzima kwa kuwa tu wengine wamekuja kustarehe. Kama kuna watoto wawili wa chini ya miaka minne, watu wa zamu wawe wawili. Familia isiyoweza kutimiza hili, kwa mfano mama aliye peke yake na watoto watatu, ningeishauri iende Saanane au Bujora na kuuacha ufukwe kwa siku ambayo kutakuwa na msaada.

Kuna pia suala la ufukwe wenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, yakameza sehemu za fukwe na bustani zilizokuwa nchi kavu, kwa hiyo mtu anayeukumbuka mchanga wa utotoni mwake asimruhusu mwanawe akimbie majini kwa kumbukumbu hiyo, kwani chini ya maji yale ya kahawia panaweza kuwa na kisiki, ukuta uliobomoka au mawe. Mahali ambapo hapana watu wanaoogelea wala wanaofua, penye matete na ukimya, ndipo pa kuepukwa zaidi, kwa sababu mamba na viboko bado wapo katika ziwa hili na hupenda kingo za aina hiyo.

Kichocho, ambacho ufukwe unacho na Saanane haina

Tofauti ya pili kati ya maeneo haya mawili haionekani kwa macho. Saanane watalii wadogo hawaogelei, kwa hiyo hawagusani na maji ya ziwa isipokuwa kwa matone ya boti. Ufukweni mtoto hushinda ndani ya maji ya pembeni, ambayo ndiyo maskani ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Konokono hao hukaa kwenye maji tulivu yenye majani, na vijidudu wanaowatoa huogelea na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache bila yeye kuhisi kitu. Hutolewa kwa wingi zaidi wakati jua limepanda, kuanzia asubuhi ya kati hadi alasiri, yaani saa zilezile ambazo familia huwa ufukweni. Kumfuta mtoto kwa taulo mara anapotoka majini si kinga ya kutegemewa, ingawa si jambo baya kulifanya.

Wazazi wengi hukaa wakisubiri kuona damu katika mkojo wa mtoto, na wasipoiona hufikiri amesalimika. Kichocho cha kandokando ya ziwa hili kwa kawaida ni kile cha tumbo, ambacho huonekana katika choo kikubwa na si katika mkojo. Kile cha mkojo kipo zaidi katika madimbwi na malambo ya bara, katika vijiji vilivyo mbali na ziwa. Kwa hiyo mtoto aliyeogelea ziwani apimwe choo, na kipimo hicho kina maana zaidi kikifanyika wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, kwa sababu kabla ya hapo mayai huwa bado hayajaanza kutoka. Dawa yake, praziquantel, inajulikana katika vituo vyetu vya afya na hutolewa kwa kufuata uzito wa mtoto, na kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa shule daktari ndiye wa kuamua. Asipewe vidonge vilivyobaki vya kaka yake.

Hii ndiyo sababu ninapolinganisha ufukwe mmoja na mwingine kipimo changu huwa bwawa la kuogelea. Hoteli yenye bwawa lililotiwa klorini na lenye sehemu ya kina kifupi ya watoto humwezesha mzazi kumpa mtoto maji bila kumpa ziwa, na mchanga wa pembeni ukabaki wa kujengea nyumba. Upande wa Ilemela zipo hoteli za aina hii kando ya ziwa, nazo huwaruhusu wageni wa mchana kwa kiingilio au kwa kununua chakula. Maji ya bwawa yanapaswa kuwa maangavu kiasi cha kuona sakafu upande wa kina kirefu. Yakiwa na ukungu, mtoto aliyezama hataonekana, na hapo ni afadhali kula chakula na kurudi nyumbani. Bwawa haliondoi zamu ya leso.

Jaketi okozi

Yeyote anayechagua Saanane aulize mapema, si siku ya safari akiwa tayari gatini, kama majaketi okozi ya watoto yapo na ni ya mtoto wa uzito gani. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, kwa kuwa akiangukia majini litapanda juu naye atateleza chini yake. Njia rahisi ya kulijaribu ni kumvalisha mtoto, kufunga kila kifungo, kisha kulishika mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka kidevuni na masikioni, ni kubwa. Jaketi la mtoto mdogo linapaswa kuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande hivyo. Maboya ya kupuliziwa upepo ya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea tu, iwe ni kwenye boti au kwenye bwawa. Mtoto atalia kwa sababu ya joto na kubanwa, na mtu fulani mwenye huruma atasema avuliwe kwa kuwa karibu mnafika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo jaketi livuliwe wakati miguu ya mtoto iko juu ya nchi.

Mbeleko, ambayo itasaidia sana mkifika kisiwani, ifunguliwe kabla ya kupanda boti. Mama aliyefunga mtoto mgongoni kisha akavaa jaketi juu yake amemfungia mtoto mahali ambapo hawezi kuelea wala kutolewa haraka. Mtoto apakatwe mikononi akiwa na jaketi lake mwenyewe, na kama ni mchanga kiasi kwamba hakuna jaketi linalomtosha, kisiwa kitamsubiri hadi akue. Ningesema hivyo hivyo kwa kijana wa boti ya kukodi anayejibu kwamba jaketi la mtoto halihitajiki kwa kuwa ni hapo tu: aambiwe asante kaka, tutarudi siku nyingine, na familia iondoke.

Safari ya kwenda ifanyike asubuhi, ikiwezekana saa tatu au saa nne, wakati ziwa aghalabu huwa tulivu, na kurudi kusisubiri upepo wa alasiri uchangamke. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba, wingu jeusi linalojengeka juu ya ziwa ni sababu ya kutosha ya kuahirisha, kwani radi za huku ni nyingi na boti ya wazi haina pa kujificha. Kisiwani kwenyewe mtoto avae viatu vinavyofunika vidole, maana mawe hupata moto mapema na yenye unyevu huteleza, asiingize mkono katika nyufa ambako nyoka anaweza kuwa amelala, na asisogee ukingoni kuchezesha maji kwa miguu. Chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu tumbili hawaogopi watu, na mtoto mwenye ndizi mkononi ndiye wanayemfuata kwanza. Kigari cha mtoto kiachwe nyumbani.

Bujora

Makumbusho ya Bujora yako Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Musoma, na yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimzoea kama mtu wa nyumbani. Kwa upande wa usalama ndiyo safari nyepesi kuliko zote nne, kwa sababu hakuna maji, hakuna wanyama wakali, na sehemu ya kutembea ni ndogo. Udhaifu wake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hajali historia ya watemi, na akiongozwa kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa maelezo marefu atakaa chini na kukataa kuondoka. Mzazi amwombe mwongozaji afupishe, awaonyeshe watoto nyumba yenye umbo la kiti cha enzi, ngoma za watemi, na vifaa vya yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, Bagika na Bagalu, kisha awaache wachezeshe miguu nje. Mtoto aliyefundishwa kusema "mwangaluka", salamu ya Wasukuma ya asubuhi, na akajibiwa na kila mzee anayempita, huwa anaikumbuka safari kwa jambo hilo kuliko kwa chochote kilichomo ndani.

Ulinganisho hubadilika mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, ambapo makundi ya ngoma hushindana mbele ya umati mkubwa na wachezaji wengine hutumbuiza na nyoka. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita hii ni burudani ambayo Saanane haiwezi kuitoa. Kwa mtoto wa miaka miwili ni vumbi, kelele na hatari ya kupotea. Anayekwenda siku hiyo aandike namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, amvalishe nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali, na waonyeshane mapema mahali pa kukutania, kwa mfano mlango wa kanisa. Mtoto akipotea, wa kuambiwa kwanza ni viongozi wenye kipaza sauti. Namba 116 ya simu kwa mtoto nayo ni ya bure.

Hatari ya kweli ya Bujora iko katika kipande cha mwisho cha njia. Daladala za Kisesa hufika barabarani, na kutoka hapo wengi hupanda bodaboda moja mama, mtoto mgongoni na mwingine mbele ya dereva, ile tunayoiita mshikaki. Hakuna kitu katika makala hii ninachokipinga kwa nguvu kuliko hicho. Bajaji ikodiwe, au familia itembee polepole.

Ndabaka

Watu wakisikia Serengeti na mtoto mdogo, swali lao la kwanza ni simba. Simba si tatizo kwa mtu aliye ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, na wahifadhi hawamruhusu mtu kushuka isipokuwa sehemu maalumu. Hatari kubwa ya safari hii ni barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Lango la Ndabaka liko karibu kabisa na barabara hiyo, mbele ya Lamadi, umbali wa kilomita 140 hivi kutoka mjini, na mwendo wake ni zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya saa mbili kurudi, mara nyingi jioni, wakati ng'ombe wanarudi nyumbani, malori yameharakisha na dereva amekwisha kuzunguka hifadhini mchana kutwa.

Magari mengi ya kukodi na taksi za Mwanza hazina kiti cha mtoto. Mzazi anayeazima au kununua kiti hicho kwa ajili ya safari hii pekee amefanya jambo la maana kuliko kununua darubini. Mtoto kupakatwa kwenye kiti cha mbele si ulinzi, kwani gari likisimama ghafla mikono ya mama haiwezi kumzuia, na mkanda mmoja uliofungwa kuwazunguka wote wawili humbana mtoto kwa uzito wa mama yake. Kama kiti hakipatikani kabisa, nafasi ya mtoto ni kiti cha nyuma, na safari ingefaa iahirishwe mpaka awe na kimo cha kuufunga mkanda ukapita begani badala ya shingoni.

Kwa mtoto aliyefikia miaka mitano au sita, hata hivyo, Ndabaka inalipa kuliko mahali pengine popote katika orodha hii. Mbuga ya upande huu ina nyumbu, pundamilia na nyamera, na kati ya Mei na Julai msafara wa nyumbu huwa unapita katika ukanda huu wa magharibi kuelekea kaskazini. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio katika hifadhi za taifa, lakini hilo lisimvutie mzazi kumpeleka wa miaka miwili, ambaye baada ya pundamilia wa tatu atataka kulala, na joto la ndani ya gari litamnyima usingizi. Wakati wa masika udongo mweusi wa huku hunasa magari, na kukwama saa mbili ukiwa na mtoto mchanga, maziwa yakiharibika, si jambo la kujaribia. Mbung'o nao wapo na wanauma kwa maumivu. Wanavutwa na nguo za rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo watoto wavalishwe rangi za khaki au kijani kibichi chenye kufifia, mikono mirefu na suruali.

Tofauti nyingine inahusu hospitali. Aliye Saanane, ufukweni au Bujora yuko katika umbali mfupi kutoka Hospitali ya Sekou Toure na Bugando, ilhali aliye ndani ya Serengeti atategemea kwanza vituo vya Lamadi, Bunda au Magu. Mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu, au aliyetoka kuugua malaria wiki hiyo, asipelekwe Ndabaka kwa sasa.

Mambo machache yasiyobadilika kwa safari zote

Ziwa liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake mwanana humdanganya mtu asihisi jua. Watoto wa chini ya miezi sita wakae kivulini moja kwa moja, na wakubwa wao wavae kofia pana. Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa, na mkobani iwemo ORS, yaani chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini, kwa kuwa kuhara ndiko kunakoharibu safari nyingi zaidi. Kwa chakula cha mchana, minofu ya sangara ina usalama zaidi kwa mtoto anayejifunza kutafuna kuliko sato mzima mwenye miiba myembamba. Giza likianza kuingia, mbu wa malaria nao wanaanza kutafuta riziki, na kanda hii si ya kuchezea, kwa hiyo anayelala ugenini abebe chandarua chake chenye dawa badala ya kutumaini kukikuta.

Nikiulizwa nichague kwa umri, mtoto wa chini ya mwaka mmoja ningempeleka Bujora siku ya kawaida au kwenye bustani ya hoteli, mbali na maji. Wa mwaka mmoja hadi mitatu ningempeleka hoteli yenye bwawa, kwa sharti la zamu, au Saanane endapo jaketi linalomtosha limepatikana. Wa miaka minne hadi sita ana Saanane kwanza, Bulabo ikiwa ni Juni, na Ndabaka ikiwa kuna kiti cha gari na dereva anayekubali kuondoka hifadhini saa tisa alasiri.

Ukerewe kwa wanaosisitiza

Kisiwa cha Ukerewe kinapendeza, na meli za kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua muda wa saa tatu au zaidi. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo humweka mtoto ndani ya chombo kwa muda mwingi kuliko anaokaa nchi kavu, na humlazimisha mzazi kupanda meli ya kurudi hata kama hali ya hewa imebadilika. Kwa hiyo mwenye watoto apange kulala angalau usiku mmoja, au apitie Bunda na Kisorya, ambako sehemu ya maji ni kivuko kifupi cha kuingilia Rugezi.

Safari za kuunganisha visiwa vidogo zinahitaji tahadhari zaidi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kutia nanga Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kikiwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake wa abiria wapatao mia moja, na zaidi ya watu 220 walifariki. Mwenye watoto asisafiri siku ya gulio, na akikuta chombo kimejaa asubiri kinachofuata. Ndani ya chombo akae sehemu ya wazi iliyo karibu na njia ya kutokea, na asimruhusu mtoto kukimbilia ubavuni pamoja na umati unapoanza kusogea kwa sababu gati limeonekana. Kabla ya kuondoka amwombe karani aandike jina na umri wa kila mtoto katika orodha ya abiria, hata yule wa mgongoni ambaye halipiwi nauli, na asubiri pale dirishani mpaka aone yameandikwa.